Kwa walimu wa fildi mliofika mwezi huu: chaji, uga, na maksi sita ninazodaiwa

Jumanne iliyopita nilikaa dawati la nyuma, kidato cha pili, fomu ya tathmini mapajani, nikimtazama mwenzenu mmoja akifundisha umeme tuli. Saa nne kasoro robo asubuhi, mwezi wa saba, Dodoma. Aliyewahi kulala Dodoma mwezi wa saba hahitaji kuelezwa: upepo unaamka kabla ya watu, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, midomo inapasuka, blanketi la nailoni ukilivuta gizani linatoa cheche, na ukivua sweta nywele zinasimama zenyewe. Darasani mle mlikuwa na watoto 48, wote wamevaa sweta za shule. Kila mmoja kabeba maabara mgongoni, wala haijamgharimu mkuu wa shule hata senti. Mwenzenu akageukia ubao, akaandika maana ya umeme tuli, akaipigia mstari, akasema, "Nakilini."

Niliuma kalamu. Sikumkatiza, maana ukimsahihisha mwalimu mbele ya watoto umemmaliza hadi siku anayofunga begi kuondoka. Lakini chai ya saa nne haikushuka vizuri.

Kila mwaka tunapokea watu wapya wenye makosa ya zamani. Hata ratiba yake ninayo kichwani: wiki ya kwanza mtasema kusugua kunatengeneza chaji, wiki ya pili mtaingiza alama ya hasi kwenye kanuni ya Coulomb, ile ya kani (nguvu) kati ya chaji mbili, na kupotea nayo, wiki ya tatu mmoja wenu atakuja kunikopa nauli ya kwenda Majengo kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa. Nauli nitatoa. Hayo mawili mengine tuyamalize hapa. Siwaandikii kama malaika. Mengi niliyafanya kabla yenu, na moja nililifanya miaka miwili mfululizo, kwa sauti kubwa.

1. Msimu.

Mmekuta mada ya umeme tuli ipo mwezi wa saba mkaulizana kwa nini, wakati azimio la kazi la zamani liliiweka Januari. Niliihamisha mimi. Nilibishana na mwalimu wa taaluma muhula mzima hadi akachoka. Sababu ni hewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kama Desemba na kuisha kama Aprili, na wakati huo hewa ina unyevu. Utando mwembamba wa maji unakaa juu ya rula, juu ya meza, juu ya kila kitu, na chaji inavuja kupitia humo kabla hujamaliza sentensi yako. Kiangazi hewa inakauka, chaji inakaa. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga wanapambana na unyevu karibu mwaka mzima, sisi tumepewa bure miezi mingi mikavu, halafu mtu anaitumia kunakilisha.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundisha mada hii Februari. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha hasa, darasa linanuka udongo. Nikatoa rula, nikaisugua kichwani, nikaisogeza kwenye vikaratasi. Kimya. Nikasugua tena, safari hii kwa nguvu mpaka ngozi ya kichwa ikawaka. Kimya. Niliposogeza mara ya tatu kikaratasi kimoja kikaruka, nikapaza sauti, "Mmeona?" Ndipo nikagundua kwamba binti wa dawati la mbele alikuwa amekipuliza. Alinionea huruma. Hadi leo sijui nilipaswa kumshukuru au kumwadhibu.

Ikibidi kufundisha masika, anika rula juani na kausha kitambaa jikoni kwa mama mpishi kabla ya kipindi.

2. Kusugua hakuumbi chaji.

Elektroni zinahama, basi. Zilikuwa kwenye nywele, sasa ziko kwenye rula. Rula imekuwa hasi, nywele zimebaki chanya, na ukijumlisha zote mbili unapata kile kile ulichoanza nacho. Ni sawa na kutoa elfu tano mfuko wa kushoto ukaiweka mfuko wa kulia: hakuna aliyetajirika. Na ninyi mnaosema "protoni zimehama kutoka kwenye nywele", protoni imekaa ndani ya kiini cha atomu, haitolewi huko kwa rula ya shilingi mia tano.

Watoto watauliza kwa nini mhamaji ndiye aliyepewa jina baya la hasi. Wajibuni ukweli: Benjamin Franklin aligawa majina ya chanya na hasi katika karne ya 18, wakati hakuna aliyejua kuna elektroni. J. J. Thomson alikuja kuigundua mwaka 1897, majina yameshazoeleka. Na ukitaka kuwafurahisha zaidi, waambie kwamba neno elektroni lina asili ya Kigiriki, jina la kaharabu, ile ile kaharabu ambayo bibi zao wa pwani waliivaa shanga. Wagiriki waliisugua ikavuta manyoya. Umeme wote huu wa kwenye nyaya jina lake la Kiingereza limetoka kwenye ushanga.

Jambo moja la hesabu hapa hapa: chaji hupimwa kwa kulombi, ya elektroni moja ni kulombi 1.6 mara kumi kwa kipeo cha hasi 19, na elektroni hazikatwi nusu. Mtoto akikuletea jibu kwamba zimehama elektroni mbili na robo, mrudishe.

3. Kuvutana hakuthibitishi kwamba kitu kina chaji, maana kikaratasi kisicho na chaji nacho kinavutwa. Kinachothibitisha ni kusukumana.

4. Chora kabla ya kukokotoa.

Hapa ndipo nilipokusudia kufika tangu nilipoanza kuandika.

Alhamisi nilikaa kwenye darasa la mwenzenu wa pili, yule mwenye shati za kitenge, kidato cha sita. Mwalimu mzuri, ana sauti, watoto wanampenda. Akaweka swali la chaji mbili, moja chanya moja hasi. Akaingiza alama ya hasi ndani ya kanuni, akapata jibu hasi, akasema hasi inamaanisha mshale unageuka. Kisha akachora mchoro, akakumbuka kwamba chaji hasi inavuta, akaugeuza mshale tena. Umegeuzwa mara mbili, umerudi ulikotoka. Watoto wakanakili. Mimi nikahisi jasho, kiangazi chote hiki.

Utaratibu ninaowaomba ni huu: ukubwa utoke kwenye kanuni, bila alama, mwelekeo utoke kwenye mchoro. Weka chaji ya majaribio, iwe chanya siku zote, pale unapotaka kujua uga. Uliza kila chaji: unaisukuma au unaivuta? Chora mshale. Ukishakuwa na mishale yote, ndipo ushike kikokotoo.

Na uga wenyewe tuuelewe. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini ukiona macho yamekuwa mazito tumia Kiswahili chetu, ndicho kimelibeba jambo hili vizuri. Uga ni ule uwanja mbele ya nyumba ya mtu. Ukiingia uga wa watu mbwa anakubwekea kabla hujaugusa mlango. Chaji nayo ina uga wake: chaji nyingine ikiingia humo inasikia kani kabla hazijagusana. Mbwa yupo hata siku ambayo hakuna mgeni, kwa hiyo uga upo hata bila chaji ya majaribio. Na mgeni akiwa mnene, ukali wa mbwa haubadiliki. Ndiyo maana tunagawanya kani kwa chaji ya majaribio ili ukubwa wa mgeni utoke kwenye hesabu. Mfano huu niliutengeneza baada ya aibu ninayokwenda kuisimulia. Kama ningekuwa nao mapema ningeokoka.

Mwaka wangu wa kwanza na wa pili nilipewa kidato cha sita, PCM na PCB (wa fizikia, kemia na hesabu pamoja na wa fizikia, kemia na biolojia) wamekaa chumba kimoja, watu sitini na kitu. Nilitoka chuo na madesa yangu, zile nukuu za kurithishana, nikiyaamini kama msahafu. Mojawapo lilikuwa na swali la kutafuta mahali ambapo uga ni sifuri kati ya chaji mbili za aina moja. Nililijua kwa kulimeza. Nikalibadilisha kidogo ili lionekane jipya: mikrokulombi (milioni moja kwenye kulombi) 4 chanya na mikrokulombi 1 hasi, zimeachana sentimita 30. Tafuta pointi kwenye mstari wake ambapo uga ni sifuri. Sikuchora kitu. Nikaandika umbali x kutoka kwenye chaji ndogo kuelekea kubwa, nikalinganisha ukubwa wa nyuga mbili, nikapata mlinganyo wa kipeo cha pili, nikautatua. Yakatoka majibu mawili: mita 0.1 na mita hasi 0.3.

Nikapangusa chaki mikononi, nikawageukia, nikatamka sentensi ninayoikumbuka kuliko kiapo cha ndoa yangu: "Umbali hauwi hasi, kwa hiyo jibu la pili tunalitupa."

Mwaka wa kwanza hakuna aliyepinga. Mwaka wa pili, binti mmoja wa mstari wa pili karibu na dirisha, mtoto wa Bahi, mpole, akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo hasi si inamaanisha ni upande ule mwingine?"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu siku itafika nanyi mtaulizwa hivi. Alipouliza, kitu fulani tumboni kiliniambia ana hoja. Nilikisikia kabisa. Nikakifunika kwa sauti. "Wewe umewahi kupima umbali ukapata hasi? Kutoka hapa hadi Chamwino ni kilomita hasi ngapi?" Darasa likaangua kicheko. Akakaa. Kwa wiki nzima wavulana walimwita Hasi.

Kwenye testi ya mwezi nikaliweka swali lile lile. Akaandika: sentimita 30 nje, upande wa chaji ndogo. Nikampa sifuri juu ya sita, na kando yake, kwa kalamu nyekundu, nikaandika "SOMA!" Alikuja ofisini na karatasi yake. Nilikuwa na chapati mkononi na sikuiweka chini. Nikamwambia arudie nukuu za somo. Akasema, "Sawa mwalimu, asante." Asante!

Ukaja mtihani wa utamilifu wa mkoa. Nikateuliwa kwenda kusahihisha, kwa mara ya kwanza, nikavaa tai. Swali la uga sifuri lilikuwamo, namba zimebadilishwa kidogo, chaji moja chanya moja hasi. Mwongozo wa kusahihisha ukasomwa: pointi iko nje, upande wa chaji ndogo. Nami, mbele ya walimu wa fizikia wa wilaya zote, nikanyoosha mkono kuupinga mwongozo. Nikaeleza kwa madaha kwamba umbali hauwi hasi.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Mpwapwa, amebakiza miaka michache astaafu, anasahihisha huku anatafuna karanga. Hakubishana nami. Alichukua vifuniko viwili vya soda, akaviweka mezani, akaweka karanga moja katikati.

"Mwanangu, hiki cha kushoto ni chanya. Hiki cha kulia ni hasi. Karanga ni chaji yako ya majaribio, chanya. Huyu wa kushoto anaisukuma kwenda wapi?"

"Kulia, mzee."

"Na huyu wa kulia anaivuta kwenda wapi?"

Nikanyamaza. Akasubiri. Chumba kizima kikasubiri.

"Kulia."

"Wote wawili wanaipeleka kulia. Sasa nani anaizuia?"

Akaichukua ile karanga akaila, akarudi kwenye rundo lake la karatasi.

Usiku ule kwenye chumba cha wageni nilikokotoa upya. Pale nilipowaambia watoto kwamba uga ni sifuri, sentimita 10 kutoka kwenye chaji ndogo, chaji kubwa inatoa newtoni 900,000 kwa kulombi, ndogo nayo inatoa 900,000, na zote mbili zinaelekea upande mmoja. Jumla 1,800,000. Hewa kavu ya kawaida inaanza kupasuka na kutoa cheche kwenye kama 3,000,000. Kwa miaka miwili nilikuwa nawaonyesha vijana mahali pa zaidi ya nusu ya cheche na kuwaambia hapo pametulia. Na ukienda nje, sentimita 30 kupita chaji ndogo, kubwa inatoa 100,000 kwenda kulia, ndogo inatoa 100,000 kwenda kushoto. Zinafutana. Lile jibu hasi nililolitupa ndilo lilikuwa jibu.

Mlinganyo ule unauliza swali moja tu: ni wapi ukubwa wa nyuga mbili unalingana? Unalingana mahali pawili. Mahali pamoja zinaongezana, pengine zinafutana, na mlinganyo haujui papi ni papi kwa sababu kipeo cha pili kimekula alama zote. Kwa chaji za aina moja ukitupa hasi unapata, maana huko zinafutana katikati. Nilikuwa nimepata kwa bahati, kwa sababu isiyo sahihi, na kule kupata ndiko kulikonipa kiburi.

Karatasi za shule yetu ziliporudi nilitafuta ya yule binti. Alikuwa amechora. Vifuniko viwili, mishale yote, kila kitu. Alikuwa ameandika jibu sahihi, la nje. Kisha akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula, na chini yake akaandika jibu la katikati, kwa njia yangu. Mara ya kwanza alikosa maksi sita kwa kuwa sahihi, mara ya pili alikosa maksi sita kwa kunitii.

Jumatatu kipindi cha kwanza nilienda darasani bila daftari. Nikachora vifuniko, nikachora mishale, nikasema nilikosea, nikasema na kaka zao wa mwaka uliopita niliwafundisha hivyo hivyo na tayari walishakwenda na kosa hilo kwenye mtihani wa taifa, sina pa kuwafuata. Nikamwomba radhi kwa jina, mbele ya wale wale waliocheka. Akanyoosha kidole. Moyo ukanipasuka.

"Mwalimu, na zile maksi sita?"

Walicheka kuliko siku ya Chamwino. Za testi nilimrudishia palepale, nikasaini. Za utamilifu hazikuwa mikononi mwangu. Hizo nadaiwa.

5. Uga sifuri na potensheli sifuri ni vitu viwili.

Potensheli, ile nishati kwa kila kulombi ya chaji, ni skala: ina ukubwa tu, inajumlishwa na alama zake, haina mishale. Kwa chaji zile zile za hadithi yangu, potensheli ni sifuri sentimita 6 kutoka chaji ndogo upande wa ndani, na tena sentimita 10 upande wa nje. Uga haumo kwenye sifuri hata pointi moja kati ya hizo. Wapeni watoto wakokotoe zote tatu kwenye mchoro mmoja, kipindi kizima kiishie hapo, na msiwe na haraka ya kumaliza mada.

6. Vipimo: mikro, sentimita, na ule mraba wa umbali ambao kila darasa lina mtu wa kuusahau.

Kuna mwenzenu aliyeandika ubaoni, "mpira mdogo una chaji ya kulombi 5." Nilimtazama kama aliyesema mbuzi wake ana tani 40. Kulombi ni kitu kikubwa mno. Ukiweka kulombi 1 hapa na kulombi 1 pale, mita moja kati yake, kani ni newtoni bilioni 9, sawa na uzito wa tani kama 900,000. Hayo ni malori 30,000 ya tani 30. Tuseme kila lori lina urefu wa mita 15. Yapange pua kwa mkia na foleni inaanzia hapa Dodoma, inapita Gairo na Morogoro, inaishia karibu na bandari ya Dar es Salaam. Rula mliyoisugua kichwani inahesabiwa kwa nanokulombi, bilioni nzima kwenye kulombi moja. Hesabu zenu za ubaoni zikitoa jibu la malori, rudini mkatafute kipeo mlichokiacha njiani.

7. Mistari ya uga haikatani, inatoka kwenye chanya na kuingia kwenye hasi, na inagusa uso wa kipitishi kwa pembe mraba.

Ukishachora hiyo, mtoto atauliza kuhusu radi. Hakuna mwaka hakuulizwa. Na atauliza kwa namna ya kwao: je, ile iliyompiga fulani ilitumwa? Msimcheke. Huko nyumbani kuna msiba nyuma ya swali hilo, na ukicheka hatakuuliza tena. Elezeni mnachokijua: sehemu ya chini ya wingu la mvua mara nyingi inajikusanyia chaji hasi, ardhi iliyo chini yake inavutiwa chaji chanya, na uga unakuwa mkali zaidi kwenye vitu virefu na vyenye ncha. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Desemba ikiwakuta porini wasikimbilie chini ya mbuyu ati una kivuli kikubwa. Waingie ndani ya nyumba, au ndani ya gari la bati lililofungwa vioo.

Na hapo mmoja wenu, kila mwaka, husema gari linaokoa kwa sababu ya matairi ya mpira. Radi imepita kilomita kadhaa za hewa, ambayo nayo ni kihami, haipitishi umeme kirahisi. Itaogopa sentimita chache za mpira? Linaokoa kwa sababu bodi la chuma linaupitisha mkondo kwa nje. Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1836 kwa kukaa ndani ya kizimba alichokichaji kwa nje huku vifaa vyake vya ndani havionyeshi kitu.

Wakiuliza umeme tuli unamhusu nani hapa kwetu, wapelekeni kituo cha mafuta barabara ya Singida siku lori linaposhusha, watazame kinachofungwa kabla ya bomba: waya wa ethi, wa kupeleka chaji ardhini.

8. Vifaa.

Msije ofisini kunililia kwamba hakuna elektroskopu, kile kifaa cha kutambua chaji. Chupa ya jemu, kipande cha waya wa shaba, kizibo cha plastiki na vipande viwili vya karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Muombeni mlinzi, anazo. Mkiichaji kwa rula bila kugusa, yaani rula iko karibu na kidole kimegusa waya, toeni kidole kwanza ndipo muondoe rula. Mkianza na rula, chaji yote imepita kidoleni na kipindi kimekwisha.

Andalio la somo nasaini Ijumaa kabla ya saa sita. Anayekuja saa nane na madesa ya mwaka juzi, nitamwomba kwanza achore vifuniko viwili vya soda na mishale yake hapo hapo mezani kwangu. Karanga ninazo kwenye droo.

Na yule aliyechukua rula yangu ya plastiki ya kijani, ile iliyovunjika pembe, airudishe. Ndiyo pekee inayovuta karatasi mwezi wa pili.